Taa iliyo mgongoni mwa mpishi ni hatari

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 58 alikuja kliniki jioni moja akiwa amefunga kidole kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Alikuwa amejikata akitayarisha sukumawiki ya chajio. Nilisafisha jeraha, nikalishona nyuzi nne, nikamdunga sindano ya kuzuia pepopunda na kumwambia awe mwangalifu. Miezi miwili baadaye alirudi. Mara hii kilikuwa kidole cha pili cha mkono ule ule wa kushoto. Nikashona tena, na nikamsihi tena awe mwangalifu.

Alipokuja mara ya tatu ndipo nilipouliza swali ambalo ningepaswa kuuliza siku ya kwanza. "Mama, taa ya jikoni mwako iko wapi?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza rangi ya mlango wake. "Iko katikati ya dari, daktari, kama ya watu wote."

Mama huyu anaugua kisukari, na wenye kisukari hupona majeraha polepole. Jeraha hilo la tatu lilichukua majuma saba kufunga, na kwa siku kadhaa nilihofia kwamba tungelazimika kuikata ncha ya kidole. Haya yote, msomaji, yalitokana na balbu moja iliyotundikwa mahali pasipofaa. Ndiyo maana juma hili ningependa tuache kidogo malaria na shinikizo la damu, tuzungumzie taa ya jikoni.

Kivuli cha mpishi

Chunguza jinsi jiko la nyumba nyingi za kupanga katika miji yetu lilivyojengwa. Ni chumba chembamba. Karo, meza ya saruji na meko vimepangwa kando ya ukuta, na juu yake kuna kabati. Fundi wa stima alipofika, alitoboa dari katikati kabisa, akaweka holda moja, akaenda zake. Mpishi anaposimama kufanya kazi huuelekea ukuta na kuipa balbu mgongo. Kichwa chake na mabega yake huuzuia mwanga, na kivuli chake huangukia pale pale kwenye ubao wa kukatia. Asipoona vizuri, huinama ili asogeze macho, na kwa kuinama kivuli huzidi kuwa kizito. Kabati lililo juu nalo huongeza lake.

Kuna vitabu vya upambaji wa nyumba vilivyoandikwa Ulaya ambavyo huwashauri watu wategemee dirisha kubwa. Huko wakati wa kiangazi jua huchelewa kutua, na mtu anaweza kupika chajio bila taa. Sisi tunaishi kwenye ikweta. Mwaka mzima jua hutua karibu saa kumi na mbili u nusu jioni, na mtu anayetoka kazini kwa matatu hufika nyumbani giza limeingia. Kwa hiyo chajio cha siku zote 365 hupikwa chini ya balbu. Dirisha hutusaidia asubuhi tu, na katika ploti zilizobanana hata asubuhi hutazama ukuta wa jirani.

Halafu kuna namna yetu ya kukata sukumawiki. Wengi hawatumii ubao. Hukunja majani, huyashika kwa ngumi ya mkono wa kushoto, na kisu hupita karibu sana na vidole na kidole gumba kikikata nyuzi nyembamba. Ni ustadi ninaoustahi, maana mimi mwenyewe sikuwahi kuuweza. Lakini ni kazi ambayo makali ya kisu yako milimita chache kutoka kwa ngozi, na hufanywa karibu na kifua, mahali ambapo kivuli ni kizito kuliko kwingine kote.

Macho ya mama si macho ya binti

Mama yule alikuwa na binti wa miaka 22 aliyemsindikiza. Nilipotaja taa, binti alicheka. Alisema yeye huosha vyombo na kupika jikoni humo kila siku na huona kila kitu. Simlaumu, kwa sababu alisema kweli. Mama naye aliposema haoni, alisema kweli.

Tunapozeeka, mboni ya jicho huwa ndogo na haipanuki gizani kama zamani. Lenzi iliyo nyuma yake hugeuka taratibu kuwa ya manjano na kupunguza mwanga unaopita. Kwa wastani, mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama thuluthi moja tu ya ule unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20, ingawa wote wawili wamesimama chini ya balbu moja. Tena, kuanzia karibu miaka 40 lenzi hukakamaa na mtu hushindwa kuona vitu vya karibu. Hapo ndipo tunapoanza kulishika gazeti mbali, na wengine wetu hulaumu wachapishaji kwa kupunguza ukubwa wa herufi.

Miwani hurekebisha hilo la pili. La kwanza hairekebishi. Mama huyu alikuwa amenunua miwani mipya mwaka uliotangulia na akashangaa kuona kwamba haikumsaidia sana jikoni. Miwani haiongezi mwanga. Hupanga vizuri ule uliopo.

Jambo jingine ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao lenzi hupata ukungu. Aliye nao huhitaji mwanga zaidi, lakini balbu kali isiyo na kifuniko ikimpiga usoni humfanya asione kabisa, kwa kuwa mwanga hutawanyika ndani ya ule ukungu. Watoto wenye nia njema huenda wakanunua balbu kubwa kuliko zote dukani, wakaitundika dari lile lile, kisha wakashangaa mama akilalamika kwamba sasa ni vibaya zaidi. Anachohitaji ni mwanga mwingi kwenye ubao na kidogo machoni.

Pima kwa gazeti hili

Leo jioni, saa moja hivi, weka ukurasa huu juu ya ubao wako wa kukatia. Washa taa uliyozoea. Simama kama unavyosimama ukipika, bila kusogea kando, ujaribu kusoma mistari hii. Kisha nyosha mkono unaotumia kushika kisu na uuangalie ukurasa. Ukiona kivuli cha mkono chenye ukingo mkali kimefunika maneno, basi ndicho kinachofunika vidole vyako unapokata kitunguu. Mwombe mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote nyumbani afanye hivyo pia, na umwamini atakachokuambia.

Wahandisi hupima mwangaza kwa kipimo kiitwacho lux. Mshumaa mmoja ulio umbali wa mita moja hutoa karibu lux 1. Jua la adhuhuri huweza kufika lux 100,000. Mahali pa kukatia mboga panahitaji lux 300 hadi 500, na kwa mzee hata zaidi. Jiko lenye balbu moja ya dari, mpishi akiwa ameizuia kwa mwili wake, mara nyingi halikaribii kiwango hicho.

Watu wengi wakiambiwa hivyo hukimbilia balbu yenye wati nyingi. Hapo hupoteza pesa. Mwanga hupungua haraka kadiri chanzo chake kinavyokuwa mbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwangaza hupungua mara nne. Balbu iliyo mita 1.6 juu ya ubao ukiishusha hadi sentimita 40, mwangaza pale chini yake utaongezeka mara 16, na hujaongeza hata wati moja. Kwa sababu hiyo taa ndogo ya LED ya wati 5 iliyo karibu na kisu hufanya kazi ambayo balbu kubwa ya dari haiwezi. Ukiiwasha saa nne kila siku kwa siku 30, itatumia yuniti 0.6 za stima, na tokeni haitahisi.

Mahali pa kuiweka

Kama una kabati juu ya meza, taa bora ni ile nyembamba ndefu inayobandikwa chini ya kabati. Ibandike karibu na ukingo wa mbele, upande wa mpishi, wala si kule nyuma ukutani. Ikiwa nyuma, sufuria na bakuli hutupa vivuli kukuelekea wewe. Ikiwa mbele, mwanga huangukia juu ya mikono. Iwe na kifuniko cheupe kinachotawanya mwanga, hasa kama meza yako ni ya mawe yanayong'aa, la sivyo utaona nukta za taa zikikumeremetea kutoka mezani.

Kumbuka pia aliyeketi. Mtu mzima aliyesimama haioni taa iliyo chini ya kabati, lakini mtoto, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au nyanya anayechambua mchele akiwa kwenye stuli, huitazama moja kwa moja. Kipande chembamba cha mbao kwenye ukingo wa kabati huizuia.

Asiye na kabati, au aliyepanga nyumba ambayo mwenyewe hataki ukuta utobolewe, atumie taa ya kubana yenye shingo inayopinda. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu humfuata mpishi. Anayeshika kisu kwa mkono wa kulia aielekeze kutoka kushoto kwake, ili kivuli cha mkono wenye kisu kisiangukie mstari anaokata. Anayetumia mkono wa kushoto aigeuze. Msaidizi wa nyumbani aliye mrefu ataiinua, nyanya ataishusha, na mtoto anayefanya kazi ya shule kwenye meza ya jikoni ataivuta aipeleke kwa daftari lake. Jiko hutumiwa na watu wengi wenye macho na vimo tofauti, na taa isiyosogea humfaa mmoja tu, kama inamfaa yeyote.

Iwapo unajenga yako mwenyewe, mwambie fundi mapema aweke nyaya za taa tatu zenye swichi tatu: ya dari, ya mahali pa kukatia, na ya karo na meko. Kuzipitisha kabla ya ukuta kupigwa plasta ni gharama ndogo sana. Baada ya hapo ni kuvunja ukuta. Usikubali akikuambia kwamba swichi moja inatosha.

Paka ukuta na dari rangi nyeupe, na futa balbu mara kwa mara, kwani mafuta ya kukaangia na vumbi huifunika bila mtu kutambua.

Rangi ya mwanga

Si kila mwanga huonyesha rangi sawasawa. Kwenye pakiti ya balbu nyingi za LED kuna kipimo kinachoitwa CRI, ambacho kikomo chake ni 100. Kwa jiko tafuta 80 au zaidi, na ukipata 90 ni vyema. Balbu duni hufanya nyama iliyoanza kuharibika ifanane na iliyo safi. Taa yenye wekundu nayo huifanya nyama ionekane mpya kuliko ilivyo, kwa hiyo iangalie tena ukifika nyumbani.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wanaonunua mahindi na maharagwe kwa gorogoro. Mwaka 2004, katika eneo la Mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, ambayo hutokana na kuvu. Sumu yenyewe haionekani wala haitoki kwa kupika, na punje inayoonekana nzuri yaweza kuwa nayo. Hata hivyo punje zilizogeuka rangi, zilizovunjika au zenye ukungu ndizo za kutupwa kwanza, na mtu hawezi kuzitenga gizani. Chambua nafaka mchana karibu na dirisha au chini ya taa ya karibu, kamwe si chini ya balbu ya dari saa mbili usiku.

Jiko ndilo duka la dawa

Narudi kwa mama yetu, kwa sababu vidole havikuwa hatari kubwa kuliko zote. Insulini huwekwa kwenye friji, na friji iko jikoni. Jioni, kabla ya chakula, alikuwa akiivuta kwa sindano yenye mistari midogo sana ambayo kila mmoja ni yuniti 1 au 2 kulingana na aina ya sindano. Nilimwomba anionyeshe pale kliniki, chini ya taa yangu ya mezani, akafanya bila kosa. Nilipomwuliza kama nyumbani huona mistari vile vile, alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba jioni nyingi alikuwa akibahatisha.

Insulini ikizidi, sukari ya mwili hushuka ghafla, mtu hutokwa na jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na asiposaidiwa huzimia. Nilikuwa nimepoteza miezi kadhaa nikibadilisha kipimo chake cha dawa na kushangaa kwa nini sukari yake inapanda na kushuka ovyo. Sidai kwamba taa ndiyo iliyokuwa sababu peke yake. Lakini tangu abane taa ndogo kando ya friji, namba katika daftari lake zimetulia vya kutosha kuniwezesha kuzifanyia kazi. Uchunguzi wa macho pia ulionyesha mwanzo wa mtoto wa jicho, na sasa anaonwa na daktari wa macho.

Iwapo nyumbani kwako kuna anayepima dawa ya maji ya mtoto au kusoma vibandiko vya chupa, fanya kazi hiyo mahali penye taa bora kuliko zote. Usiku wa manane, kinyume chake, hamhitaji mwanga mkali. Taa kali nyeupe huuambia ubongo kwamba kumekucha na huvuruga usingizi, tena humpofusha kwa muda mzee anayerudi kwenye korido yenye giza. Taa hafifu ya manjano karibu na sakafu humtosha anayefuata maji ya kunywa.

Tahadhari

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa yoyote wala usiizime. Cheche ndogo ndani ya swichi inatosha kulipua chumba. Funga mtungi, fungua madirisha na milango, toka nje.

Stima yetu ni ya volti 240. Usipitishe waya wa taa juu ya karo wala karibu na moto wa meko, na usiguse swichi kwa mikono yenye maji. Kazi ya kuunganisha nyaya ukutani mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, umwombe pia aweke kifaa kinachokata stima mara moja inapovuja. Taa za betri au za kuchaji hazihitaji fundi na zinafaa wapangaji. Nunua zenye alama ya ubora ya KEBS.

Stima ikipotea, wengi hushika simu kwa mkono mmoja na kisu kwa mwingine, au hubana simu kati ya shavu na bega. Afadhali chajio kichelewe. Taa ya kuchaji inayosimama yenyewe ikae jikoni siku zote, ikiwa imejaa. Palipo na koroboi, mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda, na mtoto akiyanywa usimtapishe, kwani yakiingia mapafuni ndipo hudhuru zaidi. Mpeleke hospitalini mara moja.

Ukiungua, mwagia mahali hapo maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala siagi. Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa umeinuliwa. Damu isipokoma, kidole kikifa ganzi, au ukishindwa kukikunja au kukinyoosha, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, kwa maana huenda kisu kimefika kwenye mshipa wa fahamu au kano. Mwenye kisukari aende hata kama jeraha ni dogo, na amweleze daktari alikuwa amesimama wapi alipojikata.